Vumbi la Kaboni Jikoni kwa Kabula

Wadogo zangu mnaonitumia ujumbe mkitaka niwafundishe kazi ya kaboni, nimeamua kuwajibu wote kwa pamoja. Mmoja mmoja nimeshindwa. Naandika sentensi, naifuta, naiandika tena, halafu jua linazama sijatuma hata salamu. Ndivyo nilivyo. Hata chumvi nikitia kwenye mboga naonja, natia wasiwasi, naonja tena.

Nina miaka thelathini na moja na nimeshastaafu. Hamisi, ambaye mtamjua mbele kidogo, husema nimestaafu kabla jino la mwisho halijaota. Acha acheke. Naitwa Minza, nimekulia nje kidogo ya Segese, na ujana wangu wote nimeutumia kwenye plenti ya marudio, kiwanda kinachotoa dhahabu iliyobaki kwenye udongo. Shule niliishia njiani. Kemia nilijifunza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, karibu na pampu. Kwa hiyo nikikosea jina la kitu, mnisahihishe bila kunionea haya.

Mnataka kujua namna ya kuchagua kaboni nzuri. Nitawaambia. Lakini nikiwafundisha hilo peke yake nitakuwa nimewadanganya, kwa sababu kitu kikubwa nilichojifunza kuhusu kaboni nilikijua Kambarage, mjini Shinyanga, kwenye jiko la mwanamke mjamzito, siku niliyoogopa kwamba tutampoteza yeye au mtoto aliyekuwa tumboni. Mwili wangu bado haujasahau mshtuko ule. Nikisikia harufu ya maharage yanayochemka, naenda kufungua dirisha.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa wasioijua. Mchimbaji akitoa mawe yake kwenye duara, yaani shimo lake, yanasagwa, yanapelekwa mwaloni, yanaoshwa kwa maji na kushikwa kwa zebaki. Udongo unaobaki ndio marudio. Bado una dhahabu ambayo jicho halioni. Sisi tunaujaza kwenye mavati makubwa ya saruji, tunapitisha maji ya sayanaidi, dhahabu inayeyuka na kutoka na maji. Maji hayo yanapita kwenye mapipa yenye kaboni, na kaboni inaishika dhahabu. Kisha kaboni inapelekwa ilusheni, huko inaachishwa dhahabu yake na kurudi kwetu. Inazunguka hivyo mpaka punje zinapomomonyoka na kuwa vumbi. Vumbi tunalichekecha na kuliweka pembeni.

Aliyenifundisha yote hayo ni Mzee Maganga. Alikuwa mrefu, mkimya wakati wa kazi na mwenye maneno mengi wakati wa chai. Alichagua kaboni kwa masikio. Alikuwa akimwaga punje kidogo kwenye sahani ya bati na kuitikisa. Kaboni ya vifuu vya nazi, iliyochomwa vizuri, inalia kama kokoto ndogo. Iliyochoka inalia kama pumba. Mkaa wa kawaida haulii kabisa, unapondeka na kukuachia weusi mkononi. Kumbukeni hilo la mlio, maana halihitaji simu wala shule.

Wiki yangu ya kwanza, Mzee aliniachia gunia jipya la kaboni, akaniambia nilioshe. Mimi na usafi wangu! Nikaona maji matupu hayatoshi. Nikatia sabuni ya unga. Nikasugua mpaka povu likapanda juu ya ndoo kama keki ya harusi. Mzee aliporudi alisimama, akashika kiuno.

"Minza, unafua?"

"Naosha kaboni, baba."

"Umetia na ya kunukia?"

"Ndiyo. Ya limau."

Alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. "Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "hiyo kaboni imeshashiba. Sasa hata ukiipitishia dhahabu ya ulimwengu mzima, itakuangalia tu."

Na kweli iliiangalia. Dhahabu ilipita kwenye lile pipa kama mgeni asiyekaribishwa. Nilikosa usingizi kwa aibu, na ndipo nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kwa nini sabuni ishike na dhahabu ikose nafasi.

Nilichokisoma kiliniacha mdomo wazi. Ndani ya punje moja ya kaboni kuna vijitundu vidogo sana, na kuta za vijitundu hivyo ni karatasi za kaboni. Karatasi moja ina unene wa atomu moja. Zimekunjamana humo kama gazeti lililofinyangwa na kutupwa. Juu ya karatasi hizo zipo elektroni ambazo hazijafungwa mahali pamoja. Zinatembea huku na huku, kama watu mnadani. Ikija molekuli yenye upungufu wa elektroni, karatasi inaiachia kidogo, nao wanashikana. Ikija molekuli yenye ziada ya elektroni, karatasi inapokea, na hapo pia wanashikana. Nilirudia kusoma sehemu hiyo nikidhani nimekosea. Kitu kimoja kinatoa na kinapokea! Anayehitaji anapewa, mwenye ziada anapokelewa, na wote wanalala juu ya mkeka mmoja.

Huko maabara kubwa, watu wanaitoa karatasi moja peke yake, au wanapata zilizoviringika zikawa mirija isiyoonekana. Wanapitisha umeme humo. Molekuli ikitua na kutoa elektroni, umeme unabadilika. Ikitua na kunyang'anya, unabadilika kwa upande mwingine. Hivyo wanaweza kujua hewani au majini kuna nini. Mimi sikuwa na mirija hiyo. Nilikuwa na ndoo.

Lakini nilikuwa na duka la dawa Segese. Nikanunua GV, ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wenye vidonda mdomoni. Molekuli yake ina chaji chanya na inatamani elektroni. Nikapika chai ya rangi, kali mpaka inakaza ulimi. Ule ukakasi unatokana na molekuli zenye elektroni za kugawa. Nikatia kaboni kwenye glasi ya maji yenye tone la GV: baada ya muda, maji meupe. Nikatia nyingine kwenye chai: chai ikafifia mpaka ikawa kama maji ya kuoshea vikombe. Halafu nikaichukua ile iliyokwisha kunywa chai nyingi, nikaitia kwenye GV. Zambarau haikuondoka. Mkeka ulikuwa umejaa.

Nilipiga kelele, Mzee akadhani nimeumwa na nyoka.

Sabuni yangu, kwa kweli, haikuwa mtoaji wala mpokeaji hodari. Ina mkia wa mafuta unaoyakimbia maji na kujibanza popote palipo na ukuta mkavu. Matokeo ni yaleyale, nafasi imekwisha. Ndiyo sababu dizeli ya pampu, mafuta ya samaki mikononi, hata maji ya majani yaliyooza, vyote vinaua kaboni. Kuhusu dhahabu yenyewe, wapo wanaosema karatasi huikopesha elektroni, na wapo wanaobisha. Mimi niliyesomea juu ya ndoo siwezi kuamua ugomvi wao.

Jambo moja sikulitilia maanani wakati ule, kwa sababu halikuhusu dhahabu. Udongo wetu ulitoka mwaloni. Ulikuwa umeshapitiwa na zebaki. Zebaki iliyobaki nayo inayeyuka kwenye maji ya sayanaidi, nayo inakuja kwenye mapipa, nayo inalala kwenye mkeka uleule. Ilusheni haiondoi yote. Niliwahi kulisoma hilo, nikasema "sawa", nikaenda kuangalia pampu.

Sasa twende Kambarage.

Kabula ni binti wa Mzee Maganga. Aliolewa mjini na Hamisi, fundi cherehani, mtu wa mzaha asiyeweza kukaa na kifungo bila kukitafutia shati. Mzee alimpenda Kabula kuliko kitu chochote, na mimba hii ilikuwa ya kwanza baada ya miaka ya kusubiri na maneno ya majirani. Mapumziko yangu yalipofika nikasema naenda Shinyanga kutafuta kitabu cha kemia. Mzee akanipa furushi la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nimpelekee.

Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimkuta Kabula anapika ndani, dirisha limefungwa kuzuia maji, tumbo limemtangulia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Minza. Pita, ila usilitazame jiko langu, limechafuka."

Hamisi aliruka kutoka kwenye cherehani. "Afadhali umekuja! Shemeji, wewe unatoka kwenye dhahabu. Kuwa hakimu. Mke wangu ananiita tapeli."

"Sijakuita tapeli," Kabula akasema. "Nimesema umenivisha bati."

"Bati! Pete niliyoinunua kwa jasho la suruali za wanafunzi!"

"Basi suruali zimeota mvi. Itazame mwenyewe, Minza." Akanyoosha mkono.

Pete ilikuwa nyeupe. Si kupauka kwa sabuni wala majivu. Nyeupe kama sufuria ya alumini, na ndani, upande uliogusa ngozi, bado kulikuwa na mstari wa manjano. Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu ambaye akili yake bado iko njiani. Segese hata mtoto anajua kinachofanya dhahabu iwe nyeupe. Kipo kimoja tu tunachokifahamu.

"Dada, umeshika zebaki?"

"Mimi? Niishikie wapi? Sokoni Ngokolo, kwenye nyanya?"

"Anaona nimeoa mchimbaji," Hamisi akasema.

"Nyamaza wewe. Minza, hebu kaa. Hata mimi mwenyewe siku hizi sijielewi. Mate yananijaa mdomoni, kila kitu kina ladha ya sarafu. Ona na mikono." Aliiinua. Vidole vilikuwa vinatetemeka, kidogo tu, kama majani wakati upepo unaanza. "Wanawake wa hapa wanasema ni mimba ya mtoto wa kike. Anamchosha mama."

Sikukaa. Macho yangu yalikuwa yameshafika kwenye jiko. Hapakuwa na moshi. Ndani yake kulikuwa na mabonge ya mkaa, ya duara, yale yanayofinyangwa kwa vumbi la mkaa, udongo na uji wa muhogo. Mengine yalikuwa kwenye beseni pembeni. Nikachukua moja, nikalivunja juu ya sahani ya bati iliyokuwa mezani.

Punje chache hazikuvunjika. Zilianguka kwenye sahani, na zikalia. Kama kokoto.

Nisameheni, hapa huwa nasimama kidogo hata ninapoandika. Niliutambua mlio ule kama mtu anavyoitambua sauti ya mama yake sokoni.

"Mkaa huu umetoka wapi?"

"Baba," Kabula akasema, na uso wake ukang'aa. "Ananiletea vumbi la kazini kwenu, kwenye viroba. Analiosha mwenyewe, analianika juani wiki nzima. Amesema kwa hali yangu nisivute moshi. Na kweli hauna moshi, unakaa na moto mpaka maharage yanaiva yenyewe. Naufinyanga, mwingine nawapa majirani."

Nilishika jiko kwa khanga iliyokuwa kwenye kamba, nikalitoa nje kwenye mvua. Sufuria iliinama, maharage yakamwagika mlangoni. Nikarudi nikafungua dirisha, maji yakaingia juu ya vitambaa vya wateja.

"Umerogwa?" Kabula alipiga kelele. "Maharage yangu! Hamisi, mshike!"

Hamisi hakunishika. Alikuwa ameacha kucheka.

Nikawaeleza, vibaya. Nilipoogopa maneno yalitoka kinyumenyume: karatasi, elektroni, mwalo, mvuke usioonekana wala kunuka. Zebaki iliyoshikwa na kaboni, ikipata moto, inaachia na kupanda hewani. Kabula aliisikiliza sentensi moja tu.

"Unataka kuniambia baba yangu ananipa sumu?"

"Hajui, dada. Hata mimi sikuwa..."

"Baba yangu ameshika kaboni kabla hujazaliwa. Wewe umesoma kwenye simu." Akachukua simu yake, akampigia, akaweka sauti ya wazi.

Nilianza kwa shikamoo. Nilipofika kwenye vumbi, Mzee alinikatiza. Sauti yake ilikuwa ngumu kama sikuwahi kuisikia.

"Minza, sayanaidi inakufa kwa jua. Nililianika vumbi lile kwa mikono yangu. Unadhani ningempelekea mwanangu kitu kibichi?"

"Si sayanaidi, baba. Ni zebaki."

"Zebaki haikai kwenye mkaa. Zebaki inakaa kwenye dhahabu. Mpe Kabula simu." Kisha, kwa upole: "Mayu, pika ule. Mtoto asilale njaa kwa ajili ya vitabu vya watu."

Mayu ni mama. Ndivyo alivyomwita binti yake tangu akiwa mdogo. Kabula akanitazama kama mshindi, lakini mkono ulioshika simu ulikuwa unatetemeka.

Nilimvuta Hamisi barazani. "Shemeji, nakuomba. Jiko lisirudi ndani. Mabonge yasiwashwe mpaka nimlete Mzee hapa."

"Nitampikia kwa gesi ya jirani," akasema. Halafu akauliza kwa sauti ya chini sana, "Na mtoto je?"

Nilichukua mabonge machache kwenye mfuko, nikafunga, nikafunga tena juu yake, nikarudi Segese kwa gari la kwanza nililolipata. Kitabu cha kemia sijakinunua mpaka leo.

Njia nzima nilikuwa naumwa na swali. Nisingeweza kumwambia Mzee "nimesoma". Yeye aliamini mikono na masikio, na nilimheshimu kwa hilo. Ilibidi aone kwa macho yake. Na mimi, nawaambieni ukweli, sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inaomba niwe nimekosea. Niaibike, nifukuzwe, wanicheke plenti nzima, lakini niwe nimekosea.

Nilimkuta uwanjani nyuma ya mavati. Hakuitikia shikamoo yangu mara ya kwanza. Nikamwambia, "Baba, nipe nafasi ya majiko mawili. Kama si kweli, sitaongea tena kuhusu kaboni maisha yangu yote."

Tuliweka majiko mawili mahali pa wazi, mbali kati ya moja na jingine. Moja la mkaa wa kawaida, jingine la mabonge ya Kabula. Nilichuna nyaya za shaba, kwa kuwa shaba nayo hushika zebaki kama dhahabu, nikazisugua kwa msasa zikawa nyekundu, nikazifunga kwenye fito ndefu. Tulisimama upande unakotoka upepo, na kila waya ulipopata joto niliuondoa, nikaupoza kwenye maji, nikaurudisha. Msijaribu jambo hili. Nawaeleza mjue lilivyokuwa, si mlifanye. Mimi mwenyewe leo nisingelifanya.

Waya wa jiko la mkaa ulirudi na masizi. Nikaufuta kwa kitambaa, shaba ikabaki nyekundu. Waya wa jiko la mabonge ulirudi na ukungu wa kijivu. Nikaufuta.

Ulikuwa unang'aa mweupe kama pete.

Kwa wasiwasi wangu nikataka kurudia, na nyaya nyingine, na bonge jingine. Nilishainama kuchukua. Mzee Maganga akanishika bega.

"Acha," akasema. "Nimeona."

Mtu ambaye ameangalia zebaki ikiifanya dhahabu kuwa nyeupe tangu ujana wake hahitaji kuelezwa mara ya pili. Alikaa chini kwenye udongo. Kofia yake ilianguka na hakuiokota. Nilitamani anitukane. Alikuwa anahesabu kitu kwa midomo, bila sauti, nikaelewa anahesabu viroba.

"Nililiosha," akasema. "Minza, nililiosha mpaka maji yakawa meupe."

"Maji hayaitoi, baba. Imeshikana na ukuta ndani kabisa. Moto ndio unaoitoa."

"Kwa hiyo niliisafisha vizuri, nikamfungia, nikampelekea akaiwashe mwenyewe."

Siku hiyohiyo tulikuwa njiani kwenda Kambarage. Mlangoni kwa Hamisi, Mzee alikataa kuingia.

"Kabula, toka nje. Usilete kiti."

Akatoka na khanga kichwani, mvua ilikuwa imekatika. "Baba, shikamoo. Umekuja kumkanya huyu?"

"Nimekuja kujikanya mimi. Ule mkaa ni mbaya, mayu. Nimeona kwa macho yangu. Nimekuvutisha zebaki, wewe na mjukuu wangu."

Hakulia, Kabula. Alikaa kwenye ngazi, mikono miwili juu ya tumbo, akamtazama baba yake. "Hukujua," akasema.

"Sikujua. Lakini mapafu ni yako."

Hamisi alikuwa ameshavaa viatu. "Maneno baadaye," akasema. "Hospitali sasa."

Walichukua damu na mkojo, vikapelekwa mbali kupimwa, maana hapo hapakuwa na kipimo. Wakati tunasubiri majibu, Mzee alikodi mkokoteni. Alipita nyumba kwa nyumba, zote zilizopewa mabonge, Kambarage na mpaka Ngokolo, akibisha hodi. Hakumtuma mtu. Nilimsikia kwenye mlango mmoja: "Mama, mkaa uliopewa na Kabula nimeutengeneza mimi. Una zebaki. Nirudishie, na mwende mkapimwe." Mama mmoja alimfukuza kwa ufagio. Mwingine alimpa maji ya kunywa, akasahau kumrudishia mkaa, ikabidi arudi kubisha hodi tena. Yote tuliyaweka kwenye mapipa yenye vifuniko, na plenti ilipotaka kuyapokea na kuyamwaga nyuma, Mzee alikaa juu ya pipa mpaka wakakubali kuita watu wanaojua pa kuyapeleka.

Majibu yalirudi mabaya. Zebaki ilikuwemo, kwa Kabula kuliko kwa wengine, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa na jiko dirisha likiwa limefungwa. Daktari, dada mtulivu mwenye miwani, alisema mwili huitoa taratibu ukishaacha kuvuta. Alimpa dawa za kumsaidia, akampangia siku za kurudi. Nikamuuliza kuhusu mtoto.

"Tutaangalia," akasema.

Mnaijua hofu ya mtu kama mimi anapoambiwa "tutaangalia"? Mimi ninayepima chumvi? Niliuliza asilimia, niliuliza dalili, niliuliza mwezi gani tutajua. Aliondoa miwani, akasema, "Dada, mimi pia ningependa kujua. Sijui."

Nilirudi plenti nikashindwa. Kila mvuke niliuona. Nilikuwa nikifunika mapipa yaliyofunikwa. Mzee Maganga aliacha kazi kwanza, bila kuaga, mimi nikafuata. Sasa naishi Kambarage, nauza mitungi midogo ya gesi kwenye kibanda karibu na cherehani ya Hamisi, naye ananiita mstaafu mbele ya wateja.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kaboni nzuri ni ile inayolia kwenye sahani. Lakini msiishie kwenye mlio. Ulizeni imekunywa nini kabla ya kufika mikononi mwenu. Karatasi zile hazichagui wageni. Anayetoa elektroni analala, anayepokea analala, dhahabu inalala, zebaki inalala, na hazisahau kwa sababu mmeziosha. Kaboni iliyotoka plenti haina siku itakayogeuka kuwa mkaa wa kupikia. Si vumbi lake, si majivu yake, si kiroba chake.

Mtoto alizaliwa wakati wa mavuno, wa kike, akaitwa Asha. Alilia kwa sauti hata Mzee aliyekuwa nje ya geti akaisikia. Mikono ya Kabula imetulia. Asha tunampeleka kupimwa kila anapopangiwa. Anashika kidole, anageuka akiitwa, anamtukana babu yake kwa lugha yake mwenyewe. Bado wanasema tutaangalia, na mimi naangalia. Nimeangalia mpaka Kabula amenipiga marufuku kumwashia mtoto tochi machoni.

Juzi Asha alisimama mbele ya kibanda changu, akiwa ameshikilia mtungi. Akauachia. Akapiga hatua moja kuja kwangu, akapiga nyingine, akaanguka kifudifudi kwenye vumbi.

Niliruka nikapiga ukelele. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshafika hospitali: miguu, mishipa, mizani ya mwili, kila nilichowahi kusoma. Nilikuwa namkagua magoti kwa mikono inayotetemeka kuliko ya mama yake siku ile.

Kabula alikuja akipangusa mikono, hana haraka. Akanitoa pembeni kwa upole.

"Mwache, Minza," akasema. "Anajifunza kutembea. Watoto huanguka."

Nikamwachia. Asha alitema mchanga, akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akaweka mikono chini na kuinua makalio juu, akaanza kujinyanyua.